Matunzo ya talaka hudaiwa mapema, na kwa hesabu

Ndugu Mhariri,

Wengi wanaofungua kesi za talaka hapa Uganda huchanganya mambo matatu: matunzo ya mwenzi, matunzo ya watoto na mgawo wa mali. Kila moja lina njia yake. Anayeyabeba yote katika ombi moja la "nipewe haki yangu" anaweza kutoka mahakamani na hukumu isiyotaja hata shilingi.

Matunzo ya watoto yako chini ya Sheria ya Watoto, na mzazi anaweza kuyadai hata kama hakukuwa na ndoa. Mali huamuliwa kwa mchango wa kila mmoja, ukiwemo wa kulea na kutunza nyumba; katika kesi ya Rwabinumi, mwaka 2013, Mahakama ya Juu ilikataa kwamba kila kitu kikatwe nusu kwa nusu moja kwa moja. Matunzo ya mwenzi yanahitaji ndoa inayotambuliwa na sheria. Waliokaa pamoja miaka 20 bila kufunga ndoa ya kidini, ya serikali wala ya kimila hawana dai hilo. Ni jambo la kuumiza, na wenye mabinti wanapaswa kulijua mapema.

Sheria ya Talaka ya mwaka 1904 ina hatua mbili za matunzo ya mwenzi. Ya kwanza ni ya wakati kesi inaendelea, nayo ina kikomo: sehemu moja ya tano ya wastani wa pato halisi la mume kwa miaka mitatu iliyotangulia amri ya matunzo hayo. Tuseme alibakiwa na shilingi 9,600,000 mwaka wa kwanza, 12,000,000 wa pili na 14,400,000 wa tatu. Wastani ni 12,000,000 kwa mwaka, yaani 1,000,000 kwa mwezi. Hapo mahakama haiwezi kuvuka 200,000 kwa mwezi, na inaweza kutoa pungufu. Malipo hayo huendelea hadi amri ya mwisho ya talaka, ambayo kwa kawaida haitoki kabla ya miezi sita tangu amri ya awali ya talaka. Asiyeomba mwanzoni hupoteza msaada wa kipindi hicho chote.

Hatua ya pili ni baada ya amri ya mwisho. Hapa hakuna ile sehemu moja ya tano. Hakimu hutazama uwezo wa mlipaji, mali ya mwombaji na mwenendo wa wote wawili. Na tangu Mahakama ya Katiba ilipoamua kesi ya FIDA, chama cha wanasheria wanawake, mwezi Machi 2004, mume naye anaweza kudai.

Madai mengi hukwama kwenye ushahidi wa pato. Mwenye mshahara ni rahisi: hati ya malipo ya mwezi inatosha kuanzia. Mwenye kibanda katika soko la Owino ni shida. Mke hutaja mauzo ya siku, mume hujibu kwamba hapati chochote, na hakimu hubaki bila tarakimu ya kushika. Mauzo si pato. Ondoa bei ya bidhaa, kodi ya kibanda, leseni na ujira wa msaidizi. Weka risiti za karo na za kodi ya nyumba, kwa kuwa anayelipa karo ya 900,000 kila muhula hawezi kudai hana kitu. Taarifa za benki na za pesa za simu za mwenzako usizichukue kwa hila. Iombe mahakama imwamuru azilete. Nawe andika bajeti yako ya mwezi kipengele kwa kipengele, kisha uiambatanishe na hati ya kiapo.

Kwa Waislamu, aliyepewa talaka rejea, yaani ile ambayo mume bado anaweza kumrudia, hutunzwa hadi eda iishe, na mjamzito hadi ajifungue. Mahari yaliyoahirishwa hubaki deni.

Amri ikitoka, itaje kiasi, tarehe na njia ya malipo. Fedha ikipita benki au kwenye simu huacha kumbukumbu; ya mkononi huzaa ubishi. Na mlipaji aliyepoteza kazi asikatishe malipo kimyakimya. Arudi mahakamani na barua ya kuachishwa kazi, aombe amri ipunguzwe au isimamishwe, kwa sababu hadi hapo malimbikizo yanaendelea kuhesabiwa na mali yake inaweza kukamatwa.

Wakili wa kesi za familia,
Kampala