Tunaohudumia wazee Marekani tusifichiane maovu

Mhariri,

Naomba kanafasi kidogo. Huko nyumbani mnapenda kututania eti tunabeba maboksi, ila huku Minnesota wengi wetu hatubebi maboksi, tunabeba wazee. Tunawaogesha, tunawabadilisha pampasi, tunawalisha, na wengine wanapiga dabo, yaani zamu mbili mfululizo, kila wiki maana ada za wadogo zao Tanga na Mbeya zinasubiri. Mimi nina mwaka wa saba kwenye nasingi homu, yaani nyumba ya kutunzia wazee.

Kulikuwa na bibi mmoja wa kizungu, kumbukumbu zimeshamtoka, hata jina langu hajui, lakini kila akiingia mwenzangu fulani anavuta blanketi mpaka kidevuni na anageukia ukutani. Nikajua ni ugonjwa tu. Siku ya tatu namvalisha gauni naona mkono wa juu una alama nne za bluu zimejipanga, za vidole kabisa hizo, na kwenye ripoti imeandikwa kagonga kitanda. Kitanda kina vidole?

Na huyo mwenzangu ni Mbongo. Akanifuata parking, dada usiniharibie, nina watoto. Sikulala.

Nikaripoti. Sheria ya huku iko wazi, madai ya mzee kupigwa yakifika kwa uongozi lazima nyumba iripoti serikalini ndani ya masaa 2, halafu ndani ya siku 5 za kazi itoe majibu ya uchunguzi wake, na ni kosa kumuadhibu mfanyakazi aliyesema. Uongozi ukisinzia unapiga simu mwenyewe Idara ya Afya ya jimbo, au kwa ombudsman, yaani mtetezi wa wazee wa nyumba hizi, kila jimbo anaye na ni bure, na kama mzee yuko hatarini muda huohuo ni 911, namba ya dharura. Piga picha, andika tarehe na saa, usimkosee mzee kwa kusema "huyu ana usahaulifu anaropoka", mwili wake hausahau.

Tena kupiga ni sehemu ndogo tu. Kengele imesogezwa asiifikie ili asisumbue usiku, huo ni unyanyasaji. Jagi la maji limejaa lakini liko dirishani na midomo imekauka. Vidonda vya kulalia kwenye kisigino na makalio kwa sababu hakuna aliyemgeuza. Mzee anasinzia mchana kutwa kumbe kazidishiwa dawa atulie. Najua tuko wachache, mtu mmoja una wazee 14 usiku na mgongo unawaka, hilo wenye hizi nasingi homu wabanwe kwelikweli, ila uchovu haukunji mkono wa bibi wa watu.

Wenye wazazi huku msiende Jumapili tu baada ya kanisa, Jumapili kila mtu kanyoosha shuka. Nenda Jumanne saa tatu usiku. Na hapa Minnesota tangu 2020 sheria inaruhusu kuweka kamera chumbani, mzee akikubali na anayelala naye chumba kimoja akikubali.

Mwenzangu aliondolewa kazini. Mimi nimeitwa mchawi, nikatolewa kwenye grupu na kwenye mchezo wetu wa kila mwezi, na hela yangu ya miezi minne sijarudishiwa mpaka leo naandika. Bibi naye siku hizi nikiingia ananyoosha mkono mwenyewe nimvalishe.

Mhudumu wa wazee, Minnesota