Tujenge vuguvugu la ufuoni na mashambani kabla ya kukimbilia chama

Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika katika safu hii kwamba sisi wakazi wa Kisumu tunaolalamikia maji machafu, mafuriko na kufurushwa ufuoni tuache kunung'unika, tusajili chama chetu, tukutane na wengine debeni siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 10 Agosti 2027. Nilimsoma kwa makini, kwa kuwa mimi ni mmoja wa hao wanung'unikaji: nimekausha na kuuza omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, kwa miaka 19, na sasa ni katibu wa kikundi chetu. Ushauri wake una nia njema, ila anataka tuezeke paa kabla ya kusimamisha nguzo.

Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya mwaka wa 2011 inakitaka chama kinachoomba usajili kamili kiwe na wanachama wasiopungua 1,000, wote wapigakura walioandikishwa, katika kila mojawapo ya zaidi ya nusu ya kaunti zetu 47, na pia kifungue ofisi katika kaunti hizo. Hiyo ni kaunti 24. Siipingi sheria hiyo, maana ilitungwa kuzuia vyama vya ukoo na kijiji, lakini kikundi ambacho hazina yake hukaa ndani ya mkebe wa majani chai hakina nauli ya kwenda kuandikisha wanachama Kwale na Isiolo. Atakayelipa nauli ni tajiri, na siku ya kugawa tiketi hatakuwa amesahau alichotoa. Isitoshe, chama huweza kufutwa kwa amri moja, kama chama cha upinzani cha KPU, cha Jaramogi Oginga Odinga na Bildad Kaggia, kilivyopigwa marufuku mwaka wa 1969 baada ya damu kumwagika hapa Kisumu, kwenye hospitali ambayo hadi leo tunaiita Russia. Na chama cha mtu huyumba mtu huyo anapoondoka. Tangu Raila Odinga alipofariki Oktoba 2025, sisi wa Nyanza tunaulizwa kila uchao tutaegemea mrengo upi. Ni nadra kuulizwa tunataka nini.

Tunachotaka, wasomi hukiita usoshalisti wa kiikolojia. Mimi nitakiita ujamaa wa mazingira, ingawa najua neno ujamaa lina kovu lake: wenzetu wa Tanzania wa rika langu na walionitangulia wanakumbuka jinsi watu walivyohamishwa miaka ya 1970 kupelekwa katika vijiji ambavyo hawakuvichagua. Ninachokusudia ni kwamba maji, ardhi na samaki haviwezi kulindwa na watu wasio na sauti juu yake, na kwamba palipoharibiwa mazingira, karibu kila mara kuna aliyefaidi na kuna aliyeachiwa taka. Mtazame mbuta, ambaye wengine humwita sangara. Samaki huyu aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, akawala fulu na samaki wengine wa asili, kisha vikaja viwanda vya kutoa minofu ya kuuzwa Ulaya. Kilichobaki, yaani kichwa, uti wa mgongo na mkia, kilirudi mtaani Obunga kukaangwa na kina mama, na wenyeji, kwa ule ucheshi wetu wa kujikejeli, wakakiita mgongo wazi. Anayetaka kumweleza mtoto uchumi wa ziwa hili ampeleke Obunga jioni, amwonyeshe karai la mafuta likitokota, amwulize nyama ilikwenda wapi.

Au litazame gugumaji, lililoingia upande wetu wa ziwa karibu na mwaka wa 1990. Mmea huu hunawiri kwa naitrojeni na fosforasi, na rutuba hiyo huletwa ziwani na maji ya vyoo vya mji, maji taka ya viwanda na mbolea inayosombwa na mvua kutoka mashambani. Mwezi uliopita upepo ulilisukuma gugu hilo likauziba ufuo wetu kwa usiku mmoja. Alfajiri tuliziona mashua zilizotoka na taa, hata sauti za vijana tukazisikia, lakini hazikuweza kufika. Walishinda wakisukuma kwa upondo hadi saa tano, na omena walipotua nchi kavu walikuwa wameanza kulainika, wakanunuliwa kwa bei ya chakula cha kuku. Hasara hiyo haikuandikwa popote. Aliyemwaga maji taka mtoni hakupoteza hata shilingi moja, mwenye mashua aliondoa gharama yake ya mafuta kabla ya mgao, kwa hiyo waliofanya kazi ya bure siku hiyo ni vibarua wa mashua na sisi wakaushaji.

Serikali ilipotaka kuonyesha kwamba inajali, ilitia katika Mswada wa Fedha wa 2024 ushuru wa mazingira ambao ungegusa nepi za watoto, simu na matairi. Mswada huo uliondolewa mwezi Juni baada ya vijana kumiminika barabarani, Kisumu ikiwemo, wakisema hawana kiongozi, hawana kabila, hawana chama. Niliwaonea fahari vijana hao, na wapo walioilipia siku hiyo kwa uhai wao. Lakini walipotawanyika hawakuwa na mahali pa kukutania wiki iliyofuata. Maandamano yana uwezo wa kuzuia jambo, hayana uwezo wa kupanga nani alinde bomba la maji.

Najua jibu la msomaji yule: bila chama hakuna ushindi. Profesa Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement mwaka wa 1977 akiwa na wanawake na miche, na mwaka wa 1989 akasimama dhidi ya jumba la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa Uhuru Park, wakati Kenya ilikuwa na chama kimoja tu, nacho hakikuwa upande wake. Jumba halikujengwa. Aliingia bungeni mwaka wa 2002 kwa tiketi ya muungano wa NARC, baadaye akaanzisha chama cha Mazingira, na mwaka wa 2007, miaka mitatu baada ya kutunukiwa Tuzo ya Nobel, akakipoteza kiti cha Tetu. Simkumbuki kwa kiti hicho, wala sidhani yupo anayemkumbuka kwacho. Wakazi wa Lamu nao, kupitia shirika lao la Save Lamu, walipinga kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira, na mwezi Juni 2019 leseni ya mradi huo ikafutwa, sababu mojawapo ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Hapo pana jambo ningependa tulitafakari zaidi. Mpango wa kinu cha nyuklia ulipokataliwa na wenyeji wa Uyombo, Kaunti ya Kilifi, haukufa; macho ya wapangaji yaligeukia Siaya, kwenye ziwa hili hili tunalovua. Ushindi wa ufuo mmoja umegeuka mzigo wa ufuo mwingine. Wavuvi wa Uyombo wameyajibu maswali ambayo wavuvi wa Siaya ndio kwanza wanaanza kuyauliza, kuhusu ardhi, kuhusu fidia, kuhusu joto la maji, na sioni chama kinachoweza kuwakutanisha, kwa sababu mbunge wa Pwani na mbunge wa Nyanza huweza kuvaa kofia ya rangi moja na kusema mambo mawili tofauti, kila mmoja akimridhisha aliye juu yake. Hiyo ndiyo kazi ya vuguvugu: kumwezesha mvuvi kumpigia simu mvuvi mwenzake aliye mbali, kabla mradi haujafunga safari kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Wapo pia watakaosema dawa ni serikali kumiliki kila kitu. Mkulima wa miwa wa Muhoroni au Bungoma atawacheka. Chemelil, Muhoroni, Nzoia na Sony vilikuwa viwanda vya umma kwa miongo mingi, na umma wenyewe ukawa unasubiri malipo ya miwa miezi nenda miezi rudi; mwaka wa 2025 vikakodishwa kwa kampuni za kibinafsi kwa miaka 30, na katika hali zote mbili mkulima alibaki langoni.

Vuguvugu ninalolisemea halihitaji kuzuliwa upya. Fuo zetu tayari zina kamati za usimamizi zinazotambuliwa na kanuni za uvuvi, ambamo wenye mashua, vibarua na wachuuzi wanatakiwa kuketi pamoja; kando ya mito kuna vyama vya watumiaji wa maji; na kila kijiji kina vikundi vya akiba na vya kuzikana. Nakiri kwamba kamati za ufuo mara nyingi zimeshikwa na wenye mashua. Katika ufuo mmoja niliowahi kufanyia kazi, mwanamke mchuuzi alikuwa na kura lakini sauti hakuwa nayo, kwa sababu mikutano iliitishwa saa tatu asubuhi, saa ambayo sote tumeinama juu ya nyavu tukianika. Kubadilisha saa ya mkutano nako ni siasa, tena ngumu. Tulilipigania jambo hilo miezi minne.

Litakaloliua au kulilea vuguvugu ni pesa. Mwanasiasa akituletea injini ya mashua tunapiga vigelegele, na kuanzia siku hiyo injini ndiyo inayozungumza kikaoni. Kikundi chetu kiliamua kila mwanachama atoe shilingi 20 kwa wiki, hesabu isomwe kwa sauti kila mwezi kwa Dholuo na Kiswahili, na zawadi ya mwaniaji yeyote irudishwe hata ikiwa ni viti vya plastiki. Viti vilirudishwa kweli, na wanachama wawili wakajiondoa kwa hasira, mmoja wao akiwa shemeji yangu. Ningependa pia kiongozi wa vuguvugu asiruhusiwe kutafuta tiketi ya chama chochote akiwa bado ofisini, na asikalie ofisi hiyo zaidi ya miaka miwili, maana ugonjwa wa mwenyekiti wa maisha tunao hata katika vikundi vya kuzikana.

Mahali pa kuanzia ni bajeti ya kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mkazi haki ya kushirikishwa na ya kuwasilisha ombi, na makadirio ya bajeti sharti yafike katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Nilihudhuria kikao kimoja cha kukusanya maoni katika wadi fulani. Kitabu kilikuwa kimoja tu, kwa Kiingereza, kinene kama Biblia, nacho hakikutoka mikononi mwa ofisa. Sisi tulipewa soda na karatasi ya kutia sahihi. Mzee aliyeuliza fedha za mtaro wa mwaka uliotangulia zilikwenda wapi alijibiwa kwamba swali hilo ni la mwaka uliotangulia. Sasa chukulia kwamba watu 40 wa wadi hiyo wangeketi wiki mbili kabla ya kikao, wakagawana kurasa, mwalimu akawatafsiria, kijana mwenye simu akapiga picha kila mtaro ulioandikwa na haukuchimbwa. Ofisa angeleta soda zaidi, pengine, lakini pia angeleta majibu.

Uchaguzi siutupi. Katiba, katika kifungu cha 85, inamruhusu mtu ambaye hajawa mwanachama wa chama kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi kuwania akiwa mgombea huru, na kwa kiti cha wadi anahitaji kuungwa mkono na wapigakura 500 wa wadi hiyo. Watu 500 tunaweza kuwafikia bila kupanda matatu. Najua huku kwetu tumezoea kuhimizwa tuvae suti nzima ya vipande sita, yaani kura zote sita ziende kwa chama kimoja, na wagombea huru wachache wanaopenya aghalabu hujisalimisha kwa chama kabla wino haujafutika vidoleni mwetu. Ndiyo sababu mgombea sharti atoke katika mkutano wa wadi, atie sahihi mbele ya watu hao hao mambo atakayoyapigania, na arudi kila baada ya miezi mitatu kusomewa alichokiandika. Mahakama huenda isiutambue mkataba huo. Majirani wanaokutana naye kanisani na sokoni watautambua. Na wadi ambayo haijaweza kuendesha mkutano wa namna hiyo kwa mwaka mzima isimsimamishe mtu 2027. Isubiri 2032.

Kwa upande wetu tumeomba nakala ya makadirio kwa Kiswahili, kwa barua ambayo nakala yake iligongwa muhuri wa kupokelewa. Jibu halijafika. Msomaji yule, ikiwa anaishi karibu, anakaribishwa kikaoni kwetu Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa kumi alasiri, omena wakiwa wameshaanuliwa; aje na kalamu, kwani kurasa ni nyingi.

Katibu wa kikundi cha wakaushaji omena,
Kisumu.