Korona si mahali pa ajabu

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu kwa zaidi ya miaka 30 bila kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini uhakiki mliouchapisha Jumapili iliyopita, wa ile riwaya ya mapenzi inayotokea katika shamba la mkonge mkoani Tanga miaka ya 1950, umenilazimisha kushika kalamu. Mhakiki wenu ameyaita mazingira yake kuwa ya ajabu, kisha akauliza ni mwanamke gani awezaye kupendwa katikati ya kelele za mitambo na uvundo wa makapi. Namjibu kwamba mwanamke huyo alikuwa mama yangu.

Mama alianika nyuzi za katani nje ya korona, ndivyo tulivyokiita kiwanda cha mkonge. Baba alitoka Njombe, akaletwa na SILABU, ofisi iliyoanzishwa mwaka 1944 kuwatafutia wenye mashamba vibarua kutoka mbali, akapewa namba kama wenzake wote walioitwa manamba. Alikata majani na kuyafunga mafungu ya majani thelathini thelathini, na siku ambayo kazi haikukamilika haikuandikwa kwenye kipande, yaani kadi yake ya kazi. Siku 30 zikitimia ndipo alipolipwa. Mhakiki anadai riwaya haina mvutano, nami najiuliza alisoma kurasa zipi, maana kisa chote kimesimama juu ya kipande hicho: kila siku inayoandikwa inamletea kijana ujira wake, na papo hapo inausogeza mwisho wa mkataba, atakaporudishwa kwao na kumwacha binti wa watu kwenye nyaya za kuanikia. Wazazi wangu waliishi hesabu hiyo. Baba alipomaliza mkataba wake hakupanda gari la kurudi, na ukoo wake ulikaa miaka mingi bila kumsamehe. Kama hayo si mapenzi ya kuandikiwa kitabu, mhakiki atuambie mapenzi ni yapi, au ni yale tu ya ufukweni na ya majumba ya kifahari?

Sisemi riwaya haina kasoro. Mwandishi anamtoa binti kazini jioni akinukia asumini, jambo ambalo aliyekulia kambini hawezi kulikubali, kwa kuwa harufu ya mkonge haitoki kwa ndoo moja ya maji, na utomvu wake huwasha ngozi hata baada ya kuoga. Katika jani zima nyuzi ni kama asilimia 4 tu. Kinachobaki hutupwa na kuoza hapo hapo. Baba alimpenda mama pamoja na harufu hiyo. Kasoro ya namna hii ndiyo iliyostahili kuandikwa na mhakiki, lakini ataijuaje ikiwa hajawahi kufika?

Nilisafiri kwa basi kutoka Muheza hadi mjini kukitafuta kitabu hiki. Katika duka la vitabu nililoingia, kijana aliyekuwa akiuza alicheka mbele ya wateja, akasema, "Mzee, mapenzi ya manamba?" Kisha akanieleza kuwa hawaweki vitabu visivyo vya mitaala. Nilitazama rafu zote, nikaona vitabu vya kiada, madaftari, kalamu na mikoba ya shule, bila riwaya hata moja ambayo mtu mzima angeinunua kwa hiari yake. Tunalaumiwa kila mwaka kwamba hatusomi, na wanaotulaumu hawajawahi kuuliza tutanunua wapi. Kitabu nilikipata baadaye kwa mjukuu wangu, kikiwa kimeshapita mikononi mwa watu wengi hata jalada limeng'oka, nami nilikimaliza kwa siku mbili.

Naomba mhakiki wenu aje huku kwetu kabla hajaandika tena juu ya kitabu hiki. Afike kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, siku isiyo na mvua, aache kamera nyumbani, na awaulize vikongwe waliowahi kuanika katani walikutana wapi na waume zao. Akae siku mbili, si saa mbili. Chakula na mahali pa kulala vitakuwa juu yangu. Baada ya hapo auandike upya uhakiki wake, nanyi muuchapishe katika ukurasa ule ule.

Mtoto wa manamba,
Muheza