Barua ya Wazi kwa Mwenyekiti wa Mkutano wa Wakuu wa Nchi: Uwanja wa Ndege wa Goma Utafunguliwa Lini?

Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Novemba 2025

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Kwa heshima zote nakuandikia kwa Kiswahili, ambacho SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ilikifanya lugha yake rasmi mwaka 2019 palepale Dar es Salaam, ili pasiwepo wa kusema kwamba barua ilikosa mkalimani.

Tarehe 8 Februari mwaka huu, siku chache baada ya Goma kutekwa na waasi wa M23, wakuu wa nchi za Afrika Mashariki na wenzao wa SADC mlikutana Dar es Salaam hiyohiyo. Tamko lenu nililisoma kwenye simu, betri ikiwa inakaribia kuisha, nikalirudia mara mbili. Mlitaka mapigano yasitishwe mara moja bila masharti, barabara kuu zifunguliwe, na uwanja wa ndege wa Goma ufunguliwe mara moja. Wakuu wa majeshi mliwapa siku tano wakutane. Siku hizo tano nilizihesabu, kisha nikahesabu miezi, na sasa naona mnajiandaa kwa vikao vingine.

Wiki mbili zilizopita nilimzika mama. Mdogo wangu yuko Kinshasa, katika nchi hiihii, lakini kuja kumzika mama yake kulimtaka azunguke kupitia nchi za nje kwa nauli asiyo nayo. Mazishi aliyatazama kwa simu niliyoishika juu ya kaburi, picha ikikatika kila mara, hata wakati wa kutupa udongo hakuuona. Mimi mwenyewe nilimuuguza mama kwa pesa za kukopa, kwa maana akiba yangu imo katika benki iliyofunga milango tangu Januari. Salio nalijua hadi senti ya mwisho, ila kulitoa siwezi.

Mheshimiwa, sisi si watu wasio na shukrani. Kikosi cha Afrika Mashariki kilipoingia Novemba 2022 tulisimama kando ya barabara kukipungia mikono. Kikaondoka Desemba 2023. Wa SADC wakaingia mwezi huohuo, nao muda wao ukakatishwa Machi mwaka huu. Kwa nini kila anayekuja huondoka na vita vikabaki? Mimi si mtaalamu, lakini nashuku kwamba mezani penu wanaketi wanaozima moto pamoja na wanaoupulizia, na adabu ya kidiplomasia inawazuia kutazamana usoni. Kama nakosea, nisahihishwe kwa vitendo.

Mwaka 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya njia ya kurukia ndege ya uwanja huohuo, na bado ndege zilirudi kutua kwenye kipande kilichosalia. Lava haikuwa imesaini tamko lolote.

Nilikusudia kuomba mengi: benki, barabara ya Sake, watu waliofukuzwa kambini. Nimeyafuta. Naomba uwanja wa ndege tu. Kabla hamjapanga tarehe ya mkutano mwingine, lisomeni tena tamko la Februari mpaka kwenye mstari unaoutaja uwanja huo, kisha mtuambie hadharani nani anauzuia usifunguliwe, na ninyi mmemfanya nini.

Mdogo wangu anauliza kama ataweza kufika kwenye arobaini ya mama. Zimebaki siku ishirini na sita, na sijamjibu.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Goma