Barua ya wazi kwa Mkuu wa Hifadhi ya Binsar: tunyang'anyeni viberiti getini

Kwako Mkuu wa Hifadhi ya Wanyamapori ya Binsar,
Almora, Uttarakhand, India.

Namaste, Mheshimiwa.

Mimi ni Mtanzania wa Moshi. Nilikuja India kumuuguza mama mdogo aliyekuwa akitibiwa Delhi, na alipopata nafuu akanifukuza wodini: "Nenda katembee, umekaa hapa kama mlinzi wa benki." Nikapanda treni ya usiku hadi Kathgodam, nikachangia teksi hadi Almora, kesho yake nikawa getini kwako. Nakala ya Kiingereza nimekutumia kwa posta. Hii ya Kiswahili ni ya wenzangu, kwa sababu tunaokuja huko kusoma na kutibiwa ni wengi, na tukipata upenyo tunakimbilia milimani.

Nikiri kwanza kwamba kiingilio cha mgeni nililipa nimenuna. Nyumbani, wazungu wakilalamikia bei ya kupanda Kilimanjaro huwa nawacheka. Zamu yangu ikawa imefika.

Alfajiri tulitoka kwa miguu kuelekea Zero Point, penye mnara wa kutazamia milima, kilomita mbili hivi ndani ya msitu wa mialoni iliyoota ndevu za kuvu. Ilikuwa Machi, miti ya burans imechanua, maua mekundu yametapakaa njiani hadi unaona haya kuyakanyaga. Mwenyeji aliyetuongoza aliokota moja, akachomoa nyuzi za katikati, akatafuna yaliyobaki. Nami nikaonja: uchachu wa rosela kabisa. Akasema juisi yake ndiyo kinywaji chao cha kiangazi.

Juu ya mnara, mita 2,412, tulisubiri tukitetemeka. Mlima Nanda Devi, wenye mita 7,816, ndio ulioguswa na jua kwanza, ukawa rangi ya embe bivu. Kisha Trishul na vichwa vyake vitatu, kisha mbali mashariki Panchachuli. Mimi nimekulia chini ya mlima mmoja, Kibo, ambao hujifunika mawingu kabla sijamaliza chai. Kuona theluji imepanga mstari upeo mzima wa macho, sikuwa na la kusema. Baada ya nusu saa utusitusi wa kiangazi ukapanda kutoka mabondeni, kila kitu kikafutika.

Hapo ndipo jirani yangu mnarani alipowasha sigara. Alipomaliza alikitupa kipande chini, kwenye majani makavu, bila hata kutazama kimeangukia wapi. Nilishuka nikakikanyaga mpaka kikafa. Sikumwambia kitu. Ningesema nini, na mfukoni mwangu mwenyewe mlikuwa na kiberiti cha gesi cha bluu nilichonunua Delhi?

Mwenyeji ndiye aliyesema, wakati wa kushuka. Alitusimulia Juni 13, 2024, siku ambayo wafanyakazi wanane wa misitu walikwenda kuzima moto humo Binsar, upepo ukaugeuza moto ukawafuata wao. Wanne walifia palepale, wengine waliungua vibaya. Wewe hilo unalijua kuliko mimi, na huenda uliwajua kwa majina. Mimi nililisikia nikiwa nimesimama juu ya pirul, zile sindano kavu za misonobari zinazofunika miteremko ya chini. Zinateleza kama mchele uliomwagika sakafuni, na zina utomvu. Ukizidondoshea cheche hazikusubiri.

Natoka Moshi, na moshi naujua. Oktoba 2020 tulikaa uani usiku tukitazama mstari mwekundu ukitambaa juu ya Kilimanjaro, huku watu wa kujitolea wakipanda kusaidia, wengine silaha yao ni matawi mabichi ya kupigia moto. Mwenyeji wako naye alituonyesha kwa mikono jinsi wanavyopiga. Ni mkono uleule, Mheshimiwa.

Ombi langu ni moja. Katika miezi yenu ya moto, kuanzia Februari hadi mvua zishike, mgeni aache kiberiti na sigara getini, apewe kibati cha namba, avichukue akitoka. Hamtahitaji kumfundisha mtu yeyote: kwenye mahekalu yenu tunavua viatu kila siku, tunapewa namba, tunaingia peku na hakuna anayeona ameonewa. Hata humo msituni kuna hekalu la Bineshwar, tulivua pale. Atakayebisha kwamba hawezi kukaa saa chache bila sigara, theluji ataiona hata akiwa Almora.

Na msiwaonee aibu wageni wa mbali kwa kudhani tutakasirika. Tukishalipa kiingilio kile, kiberiti ni kitu gani?

Mama mdogo sasa anatembea vizuri. Daktari amemtaka arudi Novemba kwa uchunguzi, na safari hii hataki kusimuliwa, anataka kupanda mwenyewe. Kile cha bluu ninacho bado. Novemba si miezi ya moto, lakini nitakikabidhi hata kama hamjaweka dirisha la kupokelea.

Wako,
Mgeni wa Machi,
Moshi, Tanzania.