Zuhura na umeme

Dar es Salaam, mwezi wa sita

Mama Zuhura,

Salamu kwako na kwa Baba Zuhura. Nimeuelewa mvutano wenu: binti kapata daraja la tatu, kapangiwa HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza) kidato cha tano, na yeye kashikilia kwamba anataka umeme. Baba mtu anauliza kwa nini aache shule isiyo na ada akashike bisibisi. Ana haki ya kuuliza. Tangu 2022 kidato cha tano na cha sita havina ada, na nafasi kama hiyo haitupwi hivi hivi. Lakini ahesabu mbele kidogo. HKL ni miaka miwili, shahada ni mitatu, na yote ikiisha mtoto atakuwa hajausogelea umeme hata hatua moja, maana tahasusi hiyo haina fizikia wala hisabati. Mambo ya heshima na majirani tuyaweke pembeni kwanza.

Toeni cheti chake mkiangalie. Kama ana ufaulu wa masomo manne, na hisabati na fizikia zimo, ipo njia ambayo wazazi wengi wanaisahau: stashahada ya uhandisi umeme, miaka mitatu, ngazi ya 4 hadi ya 6 za elimu ya ufundi, pale DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam), Chuo cha Ufundi Arusha au MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia Mbeya. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 mikopo ya HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, imefika hata stashahada, kwa fani za kipaumbele. Kama fizikia ndiyo iliyomwangusha, basi ni vyuo vya ufundi stadi vya VETA, fani ya ufungaji umeme, ngazi ya I mpaka ya III, takriban mwaka kila ngazi. Msiishie ya II kwa sababu kapata kibarua. Ya III ndiyo inayomruhusu kuomba ile ngazi ya 4 ya stashahada baadaye, ingawa kila chuo kina masharti yake ya kuongezea.

Ada ya vyuo vya VETA vyenyewe haitishi, imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka wa kutwa na 120,000 bweni. Pesa inakwenda kwingine: ovaroli, buti, nauli, chakula cha wiki za mafunzo kazini, na vifaa vyake mwenyewe. Anunue plaizi nzuri, bisibisi za bapa na za nyota zenye mipini iliyofunikwa, kisu, futi, na multimita. Vingine ataazima. Masomo huanza Januari na maombi hufunguliwa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo anzeni kuulizia tangazo la chuo cha mkoa wenu sasa hivi.

Vyuo binafsi vipo vizuri na vipo vya ovyo. Ulizeni namba ya usajili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, kisha muombe kuonyeshwa karakana, siku ya kazi, saa nne asubuhi. Ofisi haiwahusu. Angalieni ukuta wa mazoezi: ukiwa na matundu mengi ya skrubu, mabaki ya waya chini na wanafunzi watatu wanne kwa ubao mmoja, hapo watu wanafundishwa. Ukiwa safi, ubao mmoja unazungukwa na ishirini na mita bado ziko kwenye maboksi yake, rudini nyumbani. Muulizeni mwalimu kama wana mega, kile kipimo cha kupimia ubora wa ganda la waya kwa volti 500. Mwanafunzi asiyewahi kukishika atakabidhi nyumba za watu kwa kubahatisha.

Sasa niseme fani yenyewe, maana Baba Zuhura anadhani ni kupanda ngazi na kugonga patasi. Chukua hita ya kuogea, ile inayofungwa kwenye bomba la bafuni. Nyingi ni wati 5,400 hivi. Gawa kwa volti 230, unapata ampea 23 na nusu. Fundi wa haraka anaiunga kwenye waya wa 2.5 (unene wake kwa milimita za mraba) uliokwenda kwenye soketi, kwa sababu ndio ulio karibu. Breka ya ampea 20 inazidiwa na kukata mara kwa mara, mwenye nyumba analalamika, fundi anarudi, anachomoa breka ya 20 anaweka ya 32. Haikati tena, na watu wanamshukuru! Kumbe waya ulio ndani ya ukuta, ambao breka ile ndiyo ilikuwa inaulinda, sasa unapikika polepole: ganda linakauka, linapasuka, na siku moja moto unaanzia mahali pasipoonekana. Kinachotakiwa ni saketi ya peke yake kutoka kwenye boksi la breka, waya wa 6 wa shaba, breka ya 32, ethi iliyofungwa kweli kweli, kinga ya miliampea 30 inayokata umeme ukivuja, na swichi ya nje ya bafu inayokata waya wa moto (unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) kwa pamoja. Ni hesabu ya darasa la saba. Aliyeikosa anaweza kuunguza nyumba, na mshahara wa fundi mzuri unatoka humo.

Awe macho pia na waya wenyewe. Siku hizi zinauzwa rola zenye rangi ya shaba nje na alumini ndani. Akwaruze ncha kwa kisu. Ikiwa nyeupe, arudishe dukani. Waya wa namna hiyo hubeba mkondo mdogo kuliko shaba ya unene uleule na hulegea kwenye skrubu, na palipolegea ndipo panapoungua.

Kuhusu hofu ya baba, ngazi si kitu cha kuogopa kuliko nyutro ya kuazima. Fundi aliyetangulia anakosa nyutro ya taa ya ngazini, anachukua ya saketi nyingine. Anayefuata anazima breka ya taa, testa haiwaki, anafungua kiungo cha nyutro kwa amani, na mkondo wa saketi ile nyingine unapita mwilini mwake. Ndiyo maana wanafundishwa kuzima swichi kuu, kuifunga, kisha kupima kwa mita: moto na nyutro, moto na ethi, nyutro na ethi. Testa ile ya bisibisi haitoshi. Binti mpole asiyeona aibu kupima mara mbili anafaa kazi hii kuliko kijana mwenye misuli. Kutindua ukuta ndiko kunakochosha kweli, na siku hizi ipo mashine ya kukatia njia za bomba.

Jambo ambalo vyuo hulisema kwa sauti ndogo ni leseni. Cheti cha VETA hakimpi ruhusa ya kufanya wayaringi kwa jina lake; leseni ya ufungaji umeme inatoka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa madaraja, na ombi la kuunganishiwa umeme TANESCO linataka mkandarasi mwenye leseni. Mafundi wengi hodari wanafanya kazi yote halafu wanamlipa mwenye leseni awagongee mhuri, mwaka baada ya mwaka. Zuhura aanze kujiandaa na leseni akiwa bado mwanafunzi. Daftari la mafunzo kazini lijazwe kila siku na kusainiwa na msimamizi, nakala za vyeti zitunzwe, na miaka ya kwanza aifanye chini ya mkandarasi atakayekubali kumwandikia barua ya uzoefu, hata kama malipo ni madogo. Asipoipata barua hiyo mapema, ataitafuta kwa watu waliokwisha hama mji.

Kabla hamjaamua, mpeni kalamu. Asome kibandiko cha jagi la umeme, cha pasi na cha friji ya hapo kwenu, agawe kila wati kwa 230, kisha asome namba zilizoandikwa kwenye breka bila kufungua chochote. Anieleze kwa nini jagi la wati 2,000 na pasi ya 1,200 visikae pamoja kwenye ekstensheni yenye waya wa 0.75, ambao unabeba ampea 6. Anipigie Jumapili jioni na majibu, na baba yake awepo.

Wako wa siku zote.