Anayetaka kufundisha Kiingereza ng'ambo aanze na darasa, si na tiketi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na vijana wanaotafuta kazi ya kufundisha Kiingereza nchi za nje, hasa Asia na Uarabuni, na wazazi wanaowachangia nauli. Matangazo ya kazi hizi hutaja mshahara, nyumba na tiketi ya ndege. Kazi yenyewe inafanywaje, hayasemi, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Mtu anafika na Kiingereza chake kizuri, anasimama mbele ya watoto arobaini wasioelewa neno analosema, na kabla ya mwezi kwisha ameishiwa la kufanya.

Chanzo kikubwa ni cheti. Mtandaoni zimejaa kozi zinazouzwa kwa sifa moja, kwamba zina saa 120. Saa 120 ndizo pia kima cha chini cha CELTA, kozi ya ualimu wa Kiingereza inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Cambridge cha Uingereza, kwa hiyo mnunuzi huamini vitu hivi viwili vinalingana. Havilingani. Ndani ya CELTA mna saa 6 za kufundisha wanafunzi halisi, mkufunzi akiwa amekaa nyuma ya darasa anaandika kila anachokiona, mna saa nyingine 6 za kutazama walimu wazoefu wakifundisha, na mna kazi nne za kuandika. Trinity CertTESOL, kozi nyingine ya aina hiyo, inataka saa 130, nayo ina saa 6 za kufundisha. Zaidi ya hapo, mkurufunzi wake hufundishwa lugha asiyoijua kabisa ili aonje anachopitia mwanafunzi wa siku ya kwanza. Kozi nyingi za bei rahisi hazina hata dakika moja mbele ya mwanafunzi. Cheti chake huenda kikatosha kuombea viza katika baadhi ya nchi, lakini ukilipia kozi ya namna hiyo ujue umenunua karatasi ya viza, kazi bado hujajifunza.

Asiye na uwezo wa kulipia CELTA hana sababu ya kukata tamaa. Atafute darasa la watu wazima la jioni, ajitolee miezi kadhaa, na amwombe mwalimu mzoefu akae nyuma na saa mkononi. Kitu cha kwanza cha kupima ni nani anazungumza na kwa dakika ngapi. Katika somo la mazungumzo la dakika 45, mwalimu akizungumza zaidi ya dakika 15, wanafunzi hawajazungumza vya kutosha, hata kama somo lilipendeza. Walimu wapya karibu wote huvuka kiwango hicho kwa sababu wanaogopa ukimya. Ukishauliza swali, nyamaza ukihesabu moja hadi tano kimoyomoyo. Mwanafunzi anahitaji muda huo kuunda sentensi.

Cha pili ni namna ya kuhakikisha kwamba wameelewa. "Mmeelewa?" ni swali lisilo na faida, kwani darasa zima litaitikia ndiyo, na wasioelewa ndio watakaoitikia kwa sauti kubwa zaidi. Chukua sentensi "I used to smoke". Mwalimu aliyefunzwa huuliza maswali mafupi matatu. Zamani nilivuta sigara? Ndiyo. Nilivuta mara moja au mara nyingi? Mara nyingi. Sasa ninavuta? Hapana. Maswali yenyewe huulizwa kwa Kiingereza chepesi kuliko sentensi inayopimwa, wala hayatumii muundo uleule, maana hapo utakuwa unampima mtu kwa kipimo asichokijua. Maswali haya yaandikwe kwenye andalio la somo nyumbani. Darasani, chaki ikiwa mkononi, hayaji.

Maelekezo nayo huharibu masomo mengi kuliko sarufi. Karatasi zigawiwe baada ya kutoa maelekezo, kamwe si kabla, kwa sababu mwanafunzi akishaipata karatasi macho yote huinama na sikio hufungwa. Usieleze zoezi. Lionyeshe. Mwite mwanafunzi mmoja mbele, fanya naye mfano wa kwanza wote wakiwaona, halafu uliza, "Mnaandika au mnazungumza? Peke yenu au wawiliwawili?" Ndipo ugawe.

Matamshi yanahitaji mwalimu aijue kidogo lugha ya wanafunzi wake. Si lazima aizungumze, ila ajue imejengwaje. Kiarabu sanifu hakina sauti ya p, hivyo mwanafunzi Mwarabu husema b badala yake, na kumwambia "sikiliza vizuri" hakumsaidii kwa kuwa sikio lake halijazoea kuzitenganisha sauti hizo. Shika ukanda mwembamba wa karatasi mbele ya midomo yako. Ukitamka neno "pen", karatasi inarushwa na pumzi. Ukitamka "Ben", inabaki karibu palepale. Mpe ajaribu mwenyewe, macho yatamfundisha ambacho sikio limeshindwa. Mjapani huchanganya r na l, Mkorea huiweka p mahali pa f, Mthai huacha konsonanti za mwisho, Mhispania hutanguliza irabu kwenye neno linaloanza na s na konsonanti nyingine. Kwenye sarufi ni hivyohivyo. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki kufuata wakati, kwa hiyo anayesema "Yesterday I go" si mzembe, anafuata kanuni ya lugha yake. Mwalimu asiyejua hili hukasirika bure na kumvunja moyo mtoto.

Na sisi wasemaji wa Kiswahili tujichunguze vilevile. Lugha yetu ina irabu tano, ilhali Kiingereza sanifu cha Uingereza huhesabiwa kuwa na irabu zipatazo 20, pamoja na zile za kuunganisha. Ndiyo maana "ship" na "sheep" vinywani mwetu huwa neno moja, na mara nyingine tunachomeka irabu katikati ya konsonanti zilizofuatana. Hakuna aibu katika lafudhi, na mwalimu mwenye lafudhi yake anaweza kuwa mwalimu bora kabisa. Lakini tofauti zinazobadili maana ya neno hana budi kuzitamka wazi, kwa sababu wanafunzi wataiga wanachosikia. Ajirekodi akisoma jozi za maneno kama hayo, ampe mtu asikilize bila kuona maandishi, kisha aone ni mangapi yametambulika.

Sentensi ndefu ikiwashinda wanafunzi kuitamka, ianzie mwisho. Kwa "What time does it start?" waseme kwanza "start", kisha "does it start", kisha "time does it start", halafu yote. Wakianzia mbele, kiimbo huvunjika kila kipande kinapoongezwa. Wakianzia nyuma, mwisho wa sentensi hubaki na mshuko wake wa kawaida tangu mwanzo.

Kusahihisha makosa kuna wakati wake. Zoezi likiwa la muundo mpya, sahihisha papo hapo. Likiwa la mazungumzo, usikatize. Andika makosa kwenye daftari, mwishoni weka matano au sita ubaoni bila kutaja aliyeyasema, wanafunzi wayarekebishe wenyewe.

Waajiri nao wasikubaliwe katika kila wanachoahidi kwa wateja wao. Kwa makadirio ya Cambridge, kufika A2, ngazi ya pili kutoka chini kati ya ngazi sita za kupimia lugha (A1 hadi C2), huchukua saa 180 hadi 200 za masomo yanayoongozwa na mwalimu, B1 saa 350 hadi 400, na B2 saa 500 hadi 600. Shule ya lugha inayofundisha saa 3 kwa wiki na kuahidi ufasaha kwa miezi mitatu inatoa saa 36 tu. Wazazi watakapokuja kulalamika, atakayebebeshwa lawama ni mwalimu, kwa hiyo aulize mapema shule imewaahidi nini.

Sasa nyaraka. Uraia ndio unaofungua au kufunga mlango, na ni heri kuujua ukweli huu kabla ya kutumia senti moja. Korea Kusini kwa kawaida hutoa viza ya E-2 ya kufundisha Kiingereza kwa raia wa nchi saba: Marekani, Kanada, Uingereza, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Mwenye pasipoti nyingine akiambiwa na wakala kwamba "itapatikana tu", ajihadhari. Nchini China asiye raia wa nchi ambazo Kiingereza ni lugha ya kwanza hudaiwa masharti zaidi, kama shahada ya ualimu au ya Kiingereza, na utekelezaji hutofautiana kati ya mkoa na mkoa. Katika nchi nyingi mgeni huombwa pia matokeo ya mtihani wa Kiingereza. Matokeo ya IELTS na TOEIC hukubalika kwa miaka miwili, kwa hiyo usifanye mtihani mapema mno.

Mtego ulioumiza wengi ni kusafiri kwa viza ya utalii, biashara au masomo kwa ahadi kwamba "utabadilishiwa ukifika". China huitaka viza ya Z, yaani ya kazi, kabla ya safari, na ukiingia una siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi, pamoja na kujiandikisha polisi ndani ya saa 24 iwapo hukai hotelini. Sheria yake ya uhamiaji humtoza mgeni anayefanya kazi bila kibali faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito huongezwa kifungo cha siku 5 hadi 15. Tena Julai 2021 nchi hiyo ilibana mno masomo ya ziada ya kibiashara kwa wanafunzi wa shule, hivyo tangazo linalokuita kufundisha watoto katika kituo cha binafsi huko lichunguzwe mara mbili: leseni ya kituo inaruhusu nini, na je, inaruhusu kuajiri wageni? Thailand nayo inataka viza ya Non-Immigrant B na kibali cha kazi. Viza ya utalii haitoshi.

Shahada na hati ya polisi lazima zithibitishwe. Kama nchi yako na nchi unakokwenda zote ni wanachama wa Mkataba wa Hague wa 1961, muhuri mmoja wa apostili, yaani uthibitisho unaotambuliwa na wanachama wote, unatosha. China ilianza kuutumia tarehe 7 Novemba 2023. Nchi moja isipokuwa mwanachama, njia ni ndefu: wakili au mthibitishaji, wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi wa nchi husika. Usiitie shahada plastiki, maana ofisi nyingi hukataa kuigonga muhuri. Linganisha majina: pasipoti ikiwa na majina matatu na shahada mawili, andaa hati ya kiapo mapema. Na hati ya polisi iachwe mwisho, kwa kuwa wengi huikataa ikishapita miezi 6 tangu itolewe.

Kwenye mkataba, soma saa kabla ya mshahara. Saa 22 za kufundisha kwa wiki, kama zilivyo katika mpango wa shule za umma wa Korea, si sawa na saa 22 za kuwepo kazini. Mwalimu hukaa shuleni saa 40, na maandalizi yake yamo humo. Mkataba unaosema "saa 30" bila kufafanua utafasiriwa na mwajiri. Angalia nani analipia nyumba mwezi wa kwanza, likizo inalipwa au hailipwi, na adhabu ya kuondoka mapema ni ipi. Kwa China, hakikisha mkataba unamlazimisha mwajiri kukupa barua ya kukuachilia na hati ya kufutwa kwa kibali unapomaliza. Bila hizo mwajiri mwingine hawezi kukuombea kibali kipya, na hiyo ndiyo kamba ambayo waajiri wabaya huwafungia walimu.

Wakala halali hulipwa na shule. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unakataza mawakala binafsi kumtoza mfanyakazi ada ya kupatiwa kazi, isipokuwa kwa vighairi vichache. Anayekutaka ulipe "fedha ya kushika nafasi" usimtumie hata nakala ya pasipoti. Pasipoti yenyewe ikichukuliwa kwa ajili ya kibali cha ukaazi, dai stakabadhi ya idara ya uhamiaji, na uijue siku ya kuichukua.

Kabla ya kutia saini, omba kuzungumza kwa video na mwalimu mgeni anayefundisha shuleni hapo sasa, mwajiri asiwepo. Muulize mshahara wa mwezi uliopita uliingia tarehe ngapi, darasa lake lina wanafunzi wangapi, na aliyemtangulia aliondoka kwa nini. Shule ikikataa kukukutanisha naye, tafuta nyingine.

Mkufunzi wa walimu wa lugha